Landrova ya Baba Mkwe

Siku ya kuanua matanga ya mzee Timotheo, mashamba yalikuwa yameshagawanywa na ng'ombe wameshatajwa mmoja mmoja. Kilibaki kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyejua pa kukipeleka: gari bovu lililokuwa nyuma ya jiko.

Lilikuwa Landrova fupi la petroli, la miaka ya sitini, lenye taa mbili zilizobanana katikati ya uso. Mzee alilinunua kwa mwenye shamba moja la chai aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, na kwa miaka mingi hapakuwa na gari jingine katika kijiji kile kilicho kati ya Kiwira na Tukuyu. Lilipeleka ndizi sokoni, likapeleka maharusi kanisani. Kisha siku moja likakataa kuwaka. Mzee akaomba vijana walisukume nyuma ya jiko, akalifunika kwa majani ya migomba, na kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva.

"Likauzwe chuma chakavu," alisema Zabron, mtoto wa kwanza wa marehemu.

Hapo ndipo Vitus Kihwele aliponyoosha mkono. Vitus alikuwa mkwe wa pale, mume wa Atuganile, dada yake Zabron. Yeye ni Mhehe, na kazi yake ilikuwa Mafinga, kutengeneza mashine za kupasulia mbao na malori yanayobeba magogo kutoka msitu wa Sao Hill.

"Nipeni mimi," alisema. "Nitalifufua."

Zabron akacheka. "Shemeji, wewe ni fundi wa misumeno. Hili ni gari, si gogo."

Watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Ni kile cha watu waliokaa msibani siku nyingi, wakapata mahali pa kupumulia. Lakini Vitus kilimwingia. Tangu aoe pale alikuwa na hofu kwamba anatazamwa, kwamba kila akila anapimwa, kwamba wangalipenda binti yao aolewe na mtu wa kwao. Akasimama mbele ya wote.

"Haya. Nalichukua. Na uwanja huu siukanyagi tena mpaka nije na gari hili likitembea lenyewe."

Mama mkwe wake, bibi Juliana, aliyekuwa amekaa mkekani na kitambaa cheusi kichwani, akainua uso.

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mtu haji kwao kwa sababu ya gari."

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Vitus hakuwa mtu wa kuokota neno aliloliangusha.

Gari lilipakiwa kwenye lori la mbao lililokuwa linarudi tupu, likashushwa Mafinga nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la mabati. Kuanzia siku ile kila jioni akitoka kiwandani, na kila Jumamosi, Vitus alikuwa chini ya banda lile.

Injini ilikuwa imekwama kabisa. Pistoni zilishikana na silinda kwa kutu. Alimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili ya breki, akaacha, akamimina tena, majuma yakapita. Kisha akachonga kipande cha mti mgumu, akakisimamisha juu ya pistoni na kugonga polepole kwa nyundo, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba yenye mgonjwa. Pistoni ya mwisho ilipoachia, alimwita mke wake aje aone.

"Ndiyo nini?" Atuganile aliuliza, amejifunga kanga juu ya sweta kwa baridi ya Mafinga.

"Imeachia!"

"Haya, hongera. Na mgongo wangu utaachia lini, kuchota maji peke yangu?"

Alisema hivyo huku akicheka. Mwanzoni walikuwa wakicheka.

Vifaa vya kazi ile hakuwa navyo, wala hakujua pa kuvipata, kwa hiyo alijitengenezea. Winchi ya kunyanyulia injini ilikuwa milingoti mitatu iliyofungwa pamoja kwenye kichwa, na mnyororo wa kuvutia magogo ukining'inia katikati. Kibanio cha springi za valvu alikichomelea kutoka kwenye chuma cha kitanda kilichovunjika. Valvu zenyewe alizisaga kwa mkono, kwa kijiti alichokibandika mpira mwishoni ili unyonye kichwa cha valvu, akakizungusha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Kopo la mafuta ya kula alilikata na kulikunja, likawa bangili ya kubania ringi za pistoni wakati wa kuzirudisha ndani ya silinda. Kung'olea beringi alifua makucha matatu kutoka kwenye jani la springi la lori.

Klachi ndiyo iliyomsumbua. Inatakiwa ikae katikati kabisa kabla gia boksi haijarudishwa, la sivyo shafti haiingii hata usukume na nani. Rafiki yake Marcelino, seremala wa karibu na stendi, alipima shafti ile akamkerezea kijiti cha mti mgumu cha unene uleule. Kilipoingia, waliangaliana, wakapeana mikono. Na beringi mpya Vitus alizichemsha ndani ya oili ili zitanuke na kupita kwenye shafti bila nyundo. Alizichemshia kwenye sufuria kubwa ya ugali ya Atuganile, na sufuria ile haikurudi jikoni tena.

Watu wa mtaani walikuja kutazama. Hilo halina ubishi: Vitus alikuwa na kipaji, na mikono yake ilikuwa na furaha chini ya banda lile kuliko mahali pengine popote. Labda ndiyo sababu hakuona Krismasi zinavyopita. Kila Krismasi Atuganile alipanda basi kwenda kwao Tukuyu pamoja na binti yao Goodness, na kila mara walirudi na ndizi, maparachichi, na salamu.

"Mama anakuuliza."

"Mwambie bado kidogo."

Bibi Juliana hakuwa mtu wa kungoja salamu zipelekwe. Alinunuliwa simu ndogo, akajifunza kupiga, na kila Jumapili akitoka ibadani alimpigia mkwe wake. Alianza kwa salamu ya Kihehe, aliyojifunza kwa ajili ya kumchokoza tu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Mugonile," Vitus alimrudishia kwa Kinyakyusa.

"Tumelala salama. Gari limefikia wapi?"

"Injini iko sawa. Sasa niko kwenye difu, mama. Ile ya nyuma. Meno yameliwa."

"Difu ndiyo nini?"

Vitus akamweleza: ni lile bonge la chuma katikati ya magurudumu, linapokea nguvu kutoka kwenye propela, ule mhimili mrefu chini ya gari, na kuzigawia tairi mbili, huku na huku.

"Kumbe ni kama mama anayepakua chakula."

"Hivyo hivyo, mama."

Jumapili iliyofuata swali la kwanza lilikuwa, "Difu inaendeleaje?" Aliulizia kwa sauti ya kuulizia mgonjwa. Atuganile alisimuliwa na ndugu zake kwamba siku moja, kwenye maombi ya jumuiya, mama aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, kisha akaiombea difu ya mkwe wake. Watu walicheka mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia.

"Si uje wewe huku Mafinga, mama?" Vitus alimwambia mara moja.

"Miguu yangu haipandi tena basi, baba. Wewe ndiye mwenye miguu. Njoo."

"Nitakuja na gari. Niliapa."

"Nani amekushikia kiapo?"

Vitus alicheka, akageuza mazungumzo.

Kisha ikafika siku gari likatoka bandani. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likakohoa tena, halafu likashika mwendo wake, ule mngurumo mzito wa magari ya zamani. Marcelino alipiga makofi. Vitus na Atuganile walipanda wawili, wakashika barabara ya msituni, misonobari imesimama mistari kwa mistari pande zote mbili, na hewa ya baridi ikiingia kupitia dirisha lisilo na kioo. Atuganile alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Alikuwa ameletwa harusini kwa gari lile.

Waliporudi nyumbani hakushuka. "Baba Goodness, Jumamosi twende."

Vitus alikuwa ameinamisha kichwa, mkono bado uko kwenye gia. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Gia ya tatu. Inalia."

"Si linatembea?"

"Linatembea, lakini linalia. Zabron atalisikia kabla hatujaingia uwanjani. Atasema nimewaletea msumeno."

"Vitus." Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Hata mimi nalia. Hilo hulisikii?"

Kesho yake Vitus alishusha gia boksi.

Mlio wa gia ya tatu aliuponya. Alipomaliza akaona oili inavuja, akafungua tena. Uvujaji ulipokoma, propela ikawa inatetemesha sakafu kwenye mteremko, akatoa krosi zake zote, vile viungio vya miishoni, akatengeneza fremu ya chuma cha reli ya kuzibania kwa jeki, akazifunga upya. Kila akiponya kimoja, sikio lake lilipata kingine. Goodness alimaliza shule ya msingi, akaenda sekondari ya bweni Iringa. Gari lingeweza kufika Tukuyu siku yoyote ile, lingefika likilia kidogo, likivuja kidogo, kama magari mengi yanavyofika. Lakini Vitus hakuwa tena anatengeneza gari. Alikuwa anatengeneza kitu cha kumfunga Zabron mdomo, na kitu hicho hakiishi kutengenezwa.

Bibi Juliana akaanza kuumwa. Ilikuwa presha, kisha wakasema ni figo. Simu za Jumapili zikawa fupi, sauti ikawa nyembamba. Siku moja alisahau salamu ya Kihehe.

"Baba, nina ombi. Nataka nipande gari la mume wangu niende nalo kanisani. Mara moja tu. Hata kama linavutwa kwa kamba, mimi nitakaa."

"Nipe wiki mbili, mama."

"Haya, baba. Wiki mbili."

Angeweza kwenda asubuhi yake. Gari lilikuwa limefungwa, lina mafuta, linawaka kwa mguso mmoja. Kilichobaki ni mlio mdogo kwenye lile boksi lililo nyuma ya gia boksi, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, mlio ambao mtu mwingine angedhani ni upepo. Vitus alilishusha boksi lile. Ndani akakuta jino moja la gia lina ufa, akajipongeza kwamba alifanya vyema kufungua, akampigia mtu wa Mbeya amtafutie gia nyingine. Gia ikachelewa. Wiki mbili zikapita, mwezi nao ukapita.

Atuganile hakungoja. Alifunga begi ili akamuuguze mama yake. Mlangoni alisimama.

"Nimpelekee salamu gani?"

"Mwambie gia imepatikana Mbeya. Inakuja."

Atuganile alinyanyua begi. "Hizo nitazisahau njiani," alisema, akaenda stendi.

Habari ilifika alasiri. Vitus alikuwa chini ya gari, amepakaa grisi mpaka viwikoni, simu ikaita mfukoni. Atuganile hakulia. Alisema, "Mama ametutoka." Kisha akasema, "Njoo," na simu ikakatika.

Vitus alitoka chini ya gari. Boksi lilikuwa mezani, wazi, gia zake zimepangwa kwa utaratibu juu ya kitambaa, safi, zinang'aa. Akaanza kulifunga. Alifunga kwa pupa, akirudisha gia ileile yenye ufa, mpaka akakata uzi wa bolti. Akajaribu bolti nyingine, nayo ikakatika. Marcelino alipokuja kumpa pole alimkuta amekaa chini, spana mkononi, anatazama mbele. Alimwosha mikono kwa mafuta ya taa, kidole kwa kidole, na asubuhi akamsindikiza kwenye basi.

Miaka yote ile Vitus alikuwa ameiona safari hiyo kichwani: honi kutoka mbali, watoto wanakimbia, Zabron anasimama mlangoni na mikono kiunoni. Sasa alipanda njia ya kijijini kwa miguu, begi begani, viatu vimeshika tope jekundu. Alipofika mahali njia inapoingia uwanjani akasimama. Alivyopakumbuka, palikuwa na migomba iliyosongamana kiasi cha watu kupita mmoja mmoja. Sasa palikuwa wazi, upana wa gari na ziada, udongo umesawazishwa, mawe yamepangwa pembeni.

"Mmepasafisha kwa ajili ya msiba?" alimuuliza jirani mmoja mzee aliyekuwa akipokea waombolezaji.

"Hapo? Hapana. Hiyo ni kazi ya marehemu," alijibu jirani. "Kila migomba ikichipua alikuwa anaing'oa. Tukimwambia anaharibu chakula, anasema gari la mkwewe litapita wapi."

Vitus alichuchumaa pale pale njiani, akafunika uso. Wapita njia walidhani ni uchovu.

Zabron ndiye aliyekuja kumwinua. Alikuwa amezeeka, nywele nyeupe kabisa. Akamvua begi begani. "Karibu nyumbani, shemeji. Pole na safari."

"Shemeji, nimekuja bila gari."

"Gari gani?"

"La mzee. Nilisema siukanyagi uwanja huu mpaka nije nalo. Siku ile uliponiambia mimi ni fundi wa misumeno."

Zabron alikunja uso. Alijaribu kukumbuka, alijaribu kwa dhati, maana aliona jambo hili ni zito kwa mwenzake. Kisha akatikisa kichwa.

"Nilisema hivyo? Nisamehe, shemeji. Sikumbuki. Sisi tulijua ni kazi zimekubana. Mama ndiye aliyekuwa akisema una kiapo, tukadhani anatania."

Walimwongoza Vitus ndani, na wanawake waliokuwa wamekaa wakampokea kwa pole ya kwao, "Ndaga, ndaga," mmoja baada ya mwingine, bila lawama katika sauti ya yeyote. Afadhali wangemlaumu. Siku ya maziko alishika koleo akafukia mpaka watu wakamnyang'anya kwa nguvu.

Aliporudi Mafinga, gia ya Mbeya ilikuwa imefika. Alichonga bolti mpya badala ya zilizokatika, akafunga boksi bila haraka na bila kutega sikio. Na gari likawa kimya kama alivyolitaka siku zote: hakuna kilichokuwa kinalia. Mwezi uliofuata walilipeleka Tukuyu, yeye na mkewe. Atuganile alikaa nyuma, kiti cha mbele kikiwa tupu, na njia nzima walizungumza maneno ya lazima tu, maji, mafuta, choo.

Kijijini watoto walishangilia. Zabron alilizunguka gari, akafungua boneti, akainama akasikiliza, akagusa hiki na kile. "Shemeji," alisema, "wewe ni fundi. Mzee angeona hili!" Ndilo neno ambalo Vitus alilifanyia kazi miaka yote ile. Alisema asante, akaondoka, akaenda kukaa jikoni na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, akachukua kisu akamenya nao.

Hakurudi nalo Mafinga. Alimkabidhi Zabron, na sasa akitokea mgonjwa kijijini wanajua pa kugonga. Vitus huenda kila baada ya miezi michache kubadilisha oili na kukaza kilicholegea. Kazi yenyewe ni ya nusu siku, lakini hukaa wiki nzima. Hutembelea majirani, hula kila anachopakuliwa, husindikiza watu kanisani ingawa yeye ni Mkatoliki, na kila safari huenda makaburini akang'oa magugu.

Atuganile alikaa muda mrefu bila kuligusa jambo lile. Lilitoka siku moja ndani ya basi, wanarudi Mafinga, wameshavuka Igawa na mashamba ya mpunga yamebaki nyuma. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma, macho yako nje.

"Mama angekupokea hata ungekuja na baiskeli."

"Najua."

"Hukujua."

Basi lilipita lori lililokuwa limeharibika kando ya barabara. Vitus hakugeuza kichwa kulitazama.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani ni lazima nije na kitu."

Atuganile alilivunja lile hindi katikati, akampa kipande, wakaendelea kula.